Tumechora mchakato mzima ukutani, mbona bidhaa mpya bado zinachelewa vilevile?

#1 Bolti_M6
Wakuu, salaam. Kuna jambo linanikera na nataka kusikia kutoka kwa waliolipitia.

Nipo kiwanda cha vifaa vidogo vya umeme: kava la plastiki, bodi ya saketi, waya, parafujo nne, basi. Kwa mwaka tunatoa bidhaa mpya tatu, na hakuna hata moja iliyowahi kutoka siku iliyoandikwa. Uongozi ukaamua tuchore mchakato wote, tangu watu wa mauzo wanapoleta wazo mpaka katoni ya kwanza inapotoka getini. Tulijifungia chumbani wiki sita. Vikaratasi vya kunata zaidi ya mia mbili, kila idara na rangi yake, mishale kila upande. Mwisho ramani ikaingizwa kwenye kompyuta, ikachapwa, ikabandikwa ukuta mzima wa korido.

Mradi wa kwanza baada ya ramani umechelewa miezi minne. Ule wa kabla yake, bila ramani, nao ulichelewa miezi minne.

Hoja yangu ni hii: ramani ya mchakato ni ya laini ya uzalishaji, ambako kitu kilekile kinapita mara elfu kwa siku. Kwenye kubuni bidhaa mpya kila mradi una mambo yake, hakuna kinachojirudia, kwa hiyo ramani haitusaidii. Anayepinga anionyeshe nimekosea wapi.

#2 DadaUbora
Kabla sijakupinga: chumbani mlikuwa nani na nani?

#3 Bolti_M6
Wakuu wa idara wote saba, na mshauri mmoja kutoka nje.

#4 DadaUbora
Basi anzia hapo. Mkuu wa idara anajua kazi inavyotakiwa kwenda. Anayejua inavyokwenda ni yule anayepiga simu stoo kuuliza kama sampuli imefika.

Ramani yetu ya kwanza ilionyesha mchoro ukitoka kwa mhandisi, unakwenda kwa mkaguzi, kisha kwa mnunuzi. Safi kabisa. Siku tulipowaita wanaoushika huo mchoro kwa mikono yao, binti mmoja wa manunuzi akasema: "Mimi mchoro huwa nauchukua kwa mhandisi kabla haujakaguliwa, maana nikisubiri ukaguzi muuzaji wa chuma ananipa tarehe ya mwezi unaofuata." Miaka mitatu alikuwa anafanya hivyo, kwa nia njema kabisa. Na kwa miaka hiyohiyo mitatu tulikuwa tunapokea chuma cha vipimo vya zamani na kulaumu muuzaji. Njia hiyo haikuwepo kwenye ramani kwa sababu hakuna mkuu aliyeijua, na mwenye kuijua hakuulizwa.

#5 Mzee_wa_Lathe
Vijana, jambo hili lina umri. Frank na Lillian Gilbreth waliwasilisha chati ya mchakato mbele ya chama cha wahandisi mitambo wa Marekani, ASME, mwaka 1921. Wale walikuwa watu wa kutazama. Walisimama pembeni ya mfanyakazi, wakampiga filamu, wakahesabu mkono unavyokwenda na kurudi. Kwa hiyo mleta mada ana haki nusu: chati ilizaliwa karakana. Lakini hata huko karakana ilizaliwa kwa kukifuata kitu kinavyopita. Kukaa mezani na kukumbuka ni kazi nyingine.

Hao Gilbreth walikuwa na alama tano: duara ni kazi, mshale ni kusafirisha, mraba ni ukaguzi, herufi D ni kusubiri, pembetatu iliyopinduliwa ni kuhifadhi. Bolti_M6, nenda kahesabu D zako.

#6 Kipimo_Sahihi
Mzee wangu shikamoo, narekebisha kidogo. Hizo alama tano ni za ASME ya mwaka 1947. Gilbreth wenyewe walianza na alama nyingi zaidi, ASME ndiyo iliyokuja kuzipunguza. Na almasi ya uamuzi, ambayo leo kila mtu anaichora, haikuwemo kwenye hizo tano. Hiyo ilienezwa na chati za programu za kompyuta.

Ila agizo lako la kuhesabu D naliunga mkono kwa mikono miwili.

#7 Mzee_wa_Lathe
Marahaba. Umenisahihisha vizuri, 1947 ni sawa.

#8 Bolti_M6
Nimetoka koridoni sasa hivi. Maboksi 214. Almasi 31. D hakuna hata moja.

Nimebaki nimesimama pale. Kila mtu kwetu analalamikia kusubiri, halafu ukuta mzima hauna mahali palipoandikwa kusubiri.

#9 Mnyamavu
Nafuatilia huu uzi kwa karibu.

#10 Sahihi_Tatu
Ngoja niwape cha kwetu. Tulikuwa na fomu ya kubadili mchoro. Ramani ilisema: mwombaji, mhandisi mkuu, ubora, uzalishaji, manunuzi, imeidhinishwa. Maboksi sita. Ukiwauliza, kila mmoja anakuambia "kwangu haikai".

Nikachukua bahasha ya kaki, nikabandika juu yake karatasi yenye safu mbili, IMEINGIA na IMETOKA. Kila anayeishika aandike siku na saa. Sikumwambia mtu yeyote kwamba napima utendaji wake. Nilisema tu nataka kuijua safari ya bahasha.

Ilirudi baada ya siku 23. Nikajumlisha muda ambao watu walisema waliisoma na kuiandika: dakika 50. Mahali ilipolala zaidi si kwa mkubwa yeyote. Ililala siku tisa kwenye trei ya mtu wa ubora, kwa sababu fomu haikueleza kama badiliko linagusa usalama wa bidhaa au la. Alikuwa anasubiri kumuuliza mhandisi, na mhandisi alikuwa safarini. Kisanduku kimoja cha kuweka tiki, "linagusa usalama: ndiyo/hapana", kikaondoa zile siku tisa.

Kwa hiyo Bolti_M6, ramani si pambo. Ila usichore watu wanafanya nini. Chora karatasi inalala wapi.

#11 FoleniNdefu
Ndugu zangu, mnatafuta kwenye mishale na mimi naona jambo liko kwenye hesabu. Mleta mada, miradi mingapi iko wazi kwa sasa?

#12 Bolti_M6
Kumi na miwili. Wahandisi wa usanifu tuko watano.

#13 FoleniNdefu
Na mnamaliza mitatu kwa mwaka. Mwaka 1961 John Little alithibitisha jambo jepesi lenye nguvu kubwa: wastani wa vitu vilivyomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi yake ya kupokea na kutoa, mara muda ambao kila kimoja hukaa humo. Miradi 12 ukigawa kwa 3 unapata miaka minne. Huo ndio muda ambao mradi wenu wa kawaida unakaa ndani tangu kufunguliwa, mchore msichore. Simamisheni sita leo, mwendo ukabaki uleule wa mitatu kwa mwaka, na kila mradi utakaa miaka miwili.

Halafu watu watano kushika miradi 12 maana yake hakuna mwenye nafasi. Mtu mmoja anayepokea kazi bila mpangilio, akiwa ameshikwa asilimia 80 ya muda wake, kazi mpya itamsubiri kwa wastani mara 4 ya muda wa kuifanya. Akishikwa asilimia 90 ni mara 9. Asilimia 95 ni mara 19. Bosi akiona mhandisi ana saa moja bila kazi anamwongezea mradi, na hapo ndipo anapoichelewesha miradi mingine yote.

Kwa maoni yangu hiyo ramani ingeweza kubaki kwenye roli lake.

#14 Kipimo_Sahihi
FoleniNdefu, sikukatai ila weka masharti. Kanuni ya Little ni ya wastani, na inataka mfumo uliotulia, yaani vinavyoingia na vinavyotoka viwe sawa kwa muda mrefu. Kwa mleta mada inawezekana miradi inafunguliwa zaidi ya inavyofungwa. Ikiwa hivyo, hali ni mbaya kuliko hiyo miaka minne.

Na hizo 4, 9 na 19 ni za foleni moja, mhudumu mmoja, kazi zinaingia kiholela na urefu wa kila kazi nao ni wa kiholela. John Kingman, naye mwaka 1961, alionyesha kwamba kusubiri kunaongezeka kadiri mtu anavyoshikwa na pia kadiri kazi zinavyoyumba. Ukipunguza kuyumba, foleni inafupika na hujaajiri mtu. Sasa utajuaje kuyumba kunatoka wapi bila kufuata kazi? Kile kisanduku cha tiki cha Sahihi_Tatu kimeondoa kuyumba. Ramani inarudi kwenye roli au inabaki ukutani?

#15 FoleniNdefu
Inabaki ukutani basi, lakini ikiwa na idadi ya kazi zinazosubiri kila kituo. Hapo sirudi nyuma.

#16 MamaMoldi
Nawasoma tangu asubuhi na naona wote mnazungumzia karatasi. Mimi nazungumzia chuma.

Kava la plastiki lina vinguzo ndani, ndivyo vinavyopokea parafujo na kushika bodi. Kila kinguzo kwenye kava ni shimo kwenye moldi. Mwaka fulani tumeshakata moldi, yaani umbo la chuma la kumiminia plastiki, tumeshaisaga, tumeshaing'arisha, mhandisi wa bodi akaleta habari kwamba tundu moja limesogea milimita 2. Kwenye kompyuta yake ni kubofya mara moja. Kwangu, shimo la zamani na shimo jipya yanaingiliana, kwa hiyo lazima la zamani lizibwe kwa kipande cha chuma kilichochongwa kikae bila uwazi, ndipo uchimbe upya. Ukikosea kidogo, plastiki inaingia kwenye mwanya na kava linatoka na ukingo mkali unaokata kidole. Nimekaa na ile moldi mpaka usiku, nashika taa kwa mkono mmoja na kupapasa kwa kidole cha mkono mwingine kama kipande kimekaa sawa.

Kwenye ramani ya kiwanda kile safari hii yote ilikuwa mshale mmoja: "mchoro umeidhinishwa", halafu "kata moldi". Mshale ulidanganya, kwa sababu mchoro hauidhinishwi mara moja. Umbo la nje linatulia mapema, kwani watu wa mauzo wameshalipenda. Vinguzo vya ndani vinatulia mwisho kabisa, kwa kuwa vinafuata bodi. Tulipougawa mshale ule kuwa mitatu, nikaanza kukata sehemu ya nje mapema na kuviacha vinguzo vyembamba kwa makusudi. Moldi ukiipunguza chuma, kava linaongezeka plastiki, na hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Kuongeza chuma ulichokwisha kukata ndiyo maumivu.

Kwa hiyo mimi sioni kama tatizo ni kusubiri tu. Wakati mwingine tatizo ni kuwahi.

#17 Mzee_wa_Lathe
MamaMoldi umesema neno. Ila kwa nini "moldi"? Kiswahili kina kalibu.

#18 MamaMoldi
Mzee, kalibu nalijua na ninalipenda. Lakini nikisema karakanani "leteni kalibu" vijana wataniletea chochote kasoro moldi. Tuanze nalo humu, labda litashika.

#19 Kitanzi
Hapo kwenye "kuwahi" ndipo ramani ya mishale inapotushinda. Mishale inapenda kwenda mbele, kazi ya kubuni inakwenda mbele na kurudi: kava linataka kujua ukubwa wa bodi, bodi inataka kujua nafasi iliyomo ndani ya kava. Yupi aanze?

Mwaka 1981 Donald Steward alitoa njia ya kuandika jambo hili kwa jedwali la mraba, na kuanzia miaka ya 1990 Steven Eppinger na wenzake pale chuo cha MIT, Marekani, wakaliendeleza sana. Unaorodhesha kazi kwa mpangilio wa kufanywa, kutoka juu kwenda chini. Orodha hiyohiyo unaiandika tena kwa upana, kushoto kwenda kulia. Halafu kwa kila mstari unaweka alama chini ya kazi ambayo mstari huo unahitaji taarifa zake. Alama zikiangukia chini ya ulalo, ule mstari wa kutoka kona ya juu kushoto mpaka ya chini kulia, uko salama, taarifa imeshazaliwa. Ikiangukia juu ya ulalo, unahitaji jibu la kazi ambayo haijafanyika. Utakisia, na kesho utarudia.

Tulipolijaza kwetu, kazi 40, alama za juu zilikusanyika mahali pamoja: kava, bodi, betri na kupoza joto. Hizo kazi nne zilikuwa idara nne, jengo mbili tofauti, zikiandikiana barua pepe. Tukawaweka watu wanne meza moja kwa wiki tatu. Hakuna boksi lililofutwa, hakuna sahihi iliyoondolewa. Kilichopungua ni kukisia.

Bolti_M6, hoja yako ya #1 kwamba hakuna kinachojirudia, naona imekaa upande. Bidhaa haijirudii, ila nani anamsubiri nani inajirudia karibu kila mradi.

#20 DadaUbora
Kitanzi, "majengo mawili", si "jengo mbili". Ila bandiko lako ni zuri sana na nitalijaribu hilo jedwali Jumatatu.

#21 Kitanzi
Ahsante dada, vidole vilitangulia.

#22 Nahodha
Wote mmesema kweli na bado naona mmezunguka. Ramani inaweza kuonyesha kila kitu: foleni, kurudia, chuma. Swali ni nani akiitazama ana uwezo wa kusema "hapa tunaacha". Miradi 12 kwa watu watano si ukosefu wa ramani, ni ukosefu wa mtu wa kusema hapana. Toyota kila gari lina mhandisi mkuu mmoja, na anaamuru idara zote. Weka mtu wa namna hiyo, ramani utaichora kwa mchana mmoja.

#23 Kipimo_Sahihi
Nahodha, hapo kwenye "anaamuru" hapana. Mhandisi mkuu wa Toyota ndiye mwenye dhamana ya gari tangu wazo mpaka sokoni, lakini wahandisi wengi wanaolifanyia kazi wanabaki chini ya wakuu wa idara zao. Anashinda kwa ujuzi, kwa hoja na kwa heshima aliyonayo. Kim Clark na Takahiro Fujimoto waliolinganisha viwanda vya magari vya Japani, Marekani na Ulaya, na kuchapisha mwaka 1991, waliona kiongozi mzito wa bidhaa anachangia sana kasi na ubora. Uzito wake haukuwa wa cheo tu.

#24 Nahodha
Nimekubali marekebisho. Lakini jina moja linalobeba bidhaa bado nalitaka. Ramani yenye idara saba na isiyo na jina la mtu hata moja ni ya kusafiri bila dereva.

#25 Sahihi_Tatu
Hapo Nahodha naomba nikupinge kidogo. Nimewahi kuwa na mwenye jina, shujaa kweli, na kila kitu kilikwenda mbio kwa kuwa yeye alikuwa anakimbia na karatasi mkononi. Alipohama, tukagundua hakuna aliyejua njia alizopita. Mwaka mzima tuliokota vipande. Mtu bila ramani ni hatari kama ramani bila mtu.

#26 Mkaguzi_Msaidizi
Wakuu, na tusisahau kwamba ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, inalazimisha uwe na ramani za michakato. Kwa hiyo mleta mada hata asipoona faida, aiache ukutani kwa ajili ya ukaguzi.

#27 DadaUbora
Hapana mkuu, hilo linapotosha watu wengi. ISO 9001 ya 2015, kifungu cha 4.4, inataka utambue michakato yako, mfuatano wake na jinsi inavyoingiliana, pamoja na nani anawajibika na utaipimaje. Haisemi uchore. Ukieleza kwa maneno au kwa jedwali, ni sawa. Anayetaka mchoro ni mteja wa viwanda vya magari: kwenye PPAP, yaani utaratibu wao wa kuidhinisha kipuri kabla ya kukizalisha, mchoro wa mtiririko wa mchakato ni moja ya vipengele 18, na unaanzia hapo kwenda kwenye uchambuzi wa hitilafu na mpango wa udhibiti. Na hata huo ni wa mchakato wa kuzalisha kipuri. Safari ya kukibuni haimo.

Nalisema kwa uchungu, maana nimeona watu wanachora kwa ajili ya mkaguzi, halafu kazi inaendelea kwa njia nyingine kabisa chini ya meza. Ramani ya namna hiyo inamfundisha mfanyakazi kwamba kusema ukweli si muhimu.

#28 Mkaguzi_Msaidizi
Nimeelewa, ahsante. Nilifundishwa hivyo na sikuwahi kufungua kifungu chenyewe.

#29 Waya_Mrefu
Kuna mfano mkubwa ambao naona unamhusu MamaMoldi na Kitanzi wote wawili. Ndege ya Airbus A380. Mwaka 2006 ilibainika kwamba nyaya zilizoletwa kufungwa hazitoshi, kona zilikuwa zinazila. Ndege ile ina nyaya zaidi ya kilomita 500. Chanzo kilichotajwa sana ni kwamba hawakutumia CATIA, programu ya kuchora kwa kompyuta, wakachora kwa mkono.

#30 Kipimo_Sahihi
Hapana, CATIA ilikuwepo. Shida ilikuwa matoleo: kiwanda cha Hamburg, Ujerumani, walikuwa kwenye toleo la 4, cha Toulouse, Ufaransa, kwenye toleo la 5, na taarifa za njia za nyaya hazikupita sawasawa kati ya hayo mawili. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa Singapore Airlines Oktoba 2007, karibu mwaka mmoja na nusu nyuma ya ratiba ya mwanzo.

#31 Waya_Mrefu
Sawa, nimekaa vizuri sasa. Basi hoja yangu inapata nguvu zaidi. Kwenye ramani ya idara ungeona boksi "chora nyaya" Hamburg, boksi "funga nyaya", na mshale katikati. Mshale hauonyeshi kwamba kinachopita juu yake kinabadilika umbo kikiwa njiani. Mimi sasa kwenye kila mshale naandika vitu viwili: kinachopita ni nini, kiko katika umbo gani. "Taarifa" peke yake siikubali. Ni faili gani, toleo gani, nani anaweza kulifungua?

#32 Mnunuzi_Makini
Na mshale ukitoka nje ya geti? Nimesoma mabandiko yote na hakuna aliyemgusa msambazaji. Kwetu zaidi ya nusu ya muda wa bidhaa mpya unaishia kwa watu ambao hawapo kwenye ramani hata kwa boksi moja: anayetengeneza bodi, anayekata moldi, maabara ya vipimo. Tunaandika "subiri sampuli, wiki 8", kana kwamba ni mvua, haina mwenyewe. Siku nilipokwenda kukaa kwa mtengeneza bodi nikakuta wiki tano kati ya nane bodi yetu haijaguswa. Alikuwa anasubiri tumjibu swali kuhusu unene wa shaba, na swali lilikuwa kwenye barua pepe ya mwenzetu aliyekuwa likizo. Zile wiki tano zilikuwa zetu, tulikuwa tunamwandikia yeye.

#33 FoleniNdefu
Mnunuzi_Makini hii ya kwako imenigusa. Nakiri hesabu yangu ya #13 isingeiona.

Nyongeza ndogo, kuhusu vikao. Kama kamati ya kuidhinisha hatua inakaa mara moja kwa mwezi, mradi uliokuwa tayari siku yoyote ile utasubiri wiki mbili kwa wastani kabla mtu hajafungua faili. Hatua tano, kamati tano, wiki kumi zimekwenda na hakuna aliyekosea popote.

#34 Bolti_M6
Wakuu, nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilikwenda kufanya mlichoniambia. Nilichukua bahasha ya Sahihi_Tatu, nikachagua mchoro mmoja tu, wa kifuniko cha betri, nikaufuata tangu mhandisi alipouhifadhi mpaka sampuli iliponifikia mkononi.

Siku 19. Muda wa mikono juu ya kazi: saa 11.

Niliyoyaona: siku 6 ulikuwa kwenye foleni ya mhandisi anayekagua, ana michoro mingine 17 mbele yake. Siku 4 ulirudi nyuma, kwa sababu klipu ya kifuniko ilichorwa kabla unene wa betri haujajulikana. Siku 5 kwa mtu wa nje, nimempigia, anasema alituma swali. Swali nimeliona, lilikuwa kwa mtu aliyehamishwa idara tangu mwaka jana. Zilizobaki ni kupita huku na huku.

Nilipowaonyesha wakuu karatasi ya bahasha, mkuu wetu wa usanifu aliisoma mara mbili, akaniuliza taratibu: "Hizi siku sita ni kwangu?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa chini. Sijawahi kumwona akikaa chini kwenye kikao.

Ile hoja ya #1 naifuta nusu. Nusu ya pili bado inanisumbua: mchoro mmoja si mradi, na sijui kama kifuniko cha betri kinafanana na vingine.

#35 FoleniNdefu
Siku 6 kwenye foleni, ndiyo kubwa kuliko zote. Michoro 17! Nimesema.

#36 Kitanzi
Lakini zile siku 4 za kurudi ndizo zilizozaa sehemu ya foleni. Mchoro uliorudi unakaguliwa mara ya pili. Ondoa kurudia, uone kama hiyo 17 haishuki.

#37 Mnunuzi_Makini
Siku 5 kwa swali lisilofika. Hizo zinaondoka kesho asubuhi kwa kubadili anwani moja. Anzia hapo, zenu zinahitaji vikao.

#38 Nahodha
Na yule mkuu aliyekaa chini ndiye mtu niliyekuwa namtafuta.

#39 DadaUbora
Angalia tu, Bolti_M6. Mtu akishajua bahasha inapima siku zake, bahasha ya pili itapita haraka kwake na zile 17 zitasubiri zaidi. Zifuate kadhaa kwa pamoja, na umwambie mapema unatafuta nini. Usimwache ahisi amewindwa.

#40 Mnyamavu
Swali kutoka kwa msomaji kimya: sampuli zenyewe je? Kwetu mchoro unapita vizuri, ila sampuli ikifika inakaa kwenye droo ya mtu kwa sababu mashine ya kuipima iko kwenye uzalishaji mchana kutwa. Hiyo mnaichora wapi?

#41 Mzee_wa_Lathe
Pembetatu iliyopinduliwa, kijana. Hapo ni kuhifadhi, hata kama ni droo. Ila mashine ya kupima inayogombaniwa na uzalishaji ni mada kubwa, ifungulie uzi wake. Nitakuja.

#42 MamaMoldi
Bolti_M6, bahasha za pili ukiziweka usisahau kava. Kifuniko cha betri ni kidogo, kina mtu mmoja wa kukibishania. Kava linabishaniwa na wote.

#43 Bolti_M6
Nimeweka nne: bodi, kava, waya na lebo. Mkuu wa usanifu ameandika mwenyewe kwenye ile ya kava. IMEINGIA, leo, saa 2:10 asubuhi.